Maumivu ya upande mmoja katika mimba changa: baada ya kuuliza mimba iko wapi, tuulize pia ovari zikoje

Mleta uzi:

Wanajukwaa, salaam. Mimi ni daktari wa magonjwa ya wanawake, na uzi huu nauandika kwa sababu ya mgonjwa mmoja ambaye sijamsahau tangu nilipokuwa bado najifunza kazi. Alifika usiku akiwa na ujauzito wa wiki 7, ameshika upande wa kulia wa tumbo, chini ya kitovu, huku akitapika. Tulimpima kwa ultrasaundi, tukaona mimba imo ndani ya mji wa mimba na moyo wa kiinitete unapiga. Tukafurahi. Tukamweleza kwamba kutapika ni jambo la kawaida katika mimba changa na kwamba maumivu yale yanatokana na mji wa mimba kutanuka, naye akaondoka na vidonge vya kutuliza maumivu. Kesho yake jioni alirudishwa akiwa hawezi hata kunyooka. Ovari yake ya kulia ilikuwa imejisokota, imevimba na kuwa nyeusi, na kwa kuwa siku zile ilikuwa desturi kuikata ovari ya namna hiyo, ilikatwa. Mimba ilinusurika kwa kupewa homoni, lakini yule mama alibaki na ovari moja.

Leo ninaona kwamba tulikosea mara mbili, tena kwa namna zinazopingana: tulichelewa pale tulipotakiwa kuharakisha, kisha tukaharakisha kukata pale tulipotakiwa kusubiri. Picha tuliisoma vizuri. Kilichotuponza ni kuuliza swali moja tu, yaani mimba iko wapi, na jibu lilipopatikana tukaona kazi imekwisha. Swali la pili, kwamba ovari zote mbili zikoje, hatukuliuliza. Matatizo ninayotaka tuyajadili hapa ni nadra, na wajawazito walio wengi hawatayapata kamwe, lakini huo unadra ndio unaoyafanya yapite mbele ya macho yetu bila kutambuliwa.

Ili tuelewane, nianze na kazi ya ovari katika wiki hizi. Yai linapotoka kwenye ovari, kifuko kilichokuwa kimelibeba hakifi papo hapo, bali hugeuka kuwa tezi ndogo ya rangi ya manjano iitwayo korpasi luteamu, ambayo hutengeneza projesteroni, homoni inayoutuliza mji wa mimba na kuuandaa kuitunza mimba. Kondo la nyuma bado ni changa mno kuifanya kazi hiyo, na huichukua hatua kwa hatua kati ya wiki ya 7 na ya 10 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Arpad Csapo na wenzake walionyesha kwamba tezi hii ikiondolewa kabla ya wiki ya 7 mimba huharibika, ilhali ikiondolewa baada ya wiki ya 9 mimba huweza kuendelea. Kwa hiyo mtu anayeshika kisu juu ya ovari ya mjamzito wa wiki 6 anapaswa kujua kwamba huenda anagusa kile kinachoishikilia mimba yenyewe.

Korpasi luteamu mara nyingi hujaa maji au damu kidogo na kuonekana kama uvimbe. Wajawazito wengi huambiwa wana "uvimbe kwenye kizazi" wakakosa usingizi, kumbe wanaonyeshwa tezi ile ile inayowalindia mtoto. Uvimbe wa aina hii, wenye ukuta mwembamba na maji matupu ndani, kwa kawaida hunywea wenyewe kabla ya wiki ya 16. Hauhitaji dawa ya kuuyeyusha, na mtu yeyote anayekuuzia dawa hiyo ukiwa mjamzito anakuuzia hatari.

Shida huanza pale uvimbe unapoifanya ovari kuwa nzito. Ovari imening'inia kwa kano na mishipa yake ya damu, na uzito ukizidi inaweza kuzunguka na kuisokota mishipa hiyo. Hatari huongezeka uvimbe unapovuka sentimita 5 hivi, na huongezeka sana kwa mama aliyepewa dawa za kuchochea mayai, kwa sababu ovari zake zimejaa vifuko vingi kwa mpigo. Upande wa kulia huathirika zaidi, kwani kushoto utumbo mpana huijazia ovari nafasi na kuinyima pa kuzungukia. Maumivu huja ghafla, mara nyingi yakiambatana na kichefuchefu kinachoanza saa ile ile maumivu yalipoanza. Hili la saa naomba mlishike. Kichefuchefu cha ujauzito mama anakijua, ameishi nacho kwa siku kadhaa. Hiki kingine humjia pamoja na maumivu kama vile vimefungwa kamba moja. Jambo jingine linalopotosha ni kwamba ovari huweza kujisokota na kujisokotoa yenyewe, maumivu yakaja kwa mawimbi, hata mgonjwa akamfikia daktari akiwa ametulia na akaonekana mtu wa kulalamika bure.

Kwenye ultrasaundi tunatafuta ovari iliyovimba kuliko mwenzake, vifuko vidogo vilivyosukumwa pembezoni, ovari iliyohama mahali pake na kusogea katikati au mbele ya mji wa mimba, na wakati mwingine mishipa iliyojizungusha kama maji yanayoingia kwenye tundu. Kipimo cha Doppler, kinachoonyesha mwendo wa damu, husaidia pale kinapokosa damu. Kikionyesha kwamba damu ipo, hakijathibitisha kwamba ovari ni salama, kwa sababu ovari hupata damu kutoka njia mbili, na pia kwa sababu mishipa laini inayorudisha damu hubanwa kwanza huku ile inayoileta ikiendelea kupiga. Nimewahi kuona ovari ikisokotoliwa mezani saa chache baada ya karatasi ya kipimo kuandikwa "damu inapita vizuri". Dalili na picha zikiitaja ovari iliyojisokota, mgonjwa anapelekwa chumba cha upasuaji.

Na huko ndani, kanuni ya leo ni kuisokotoa ovari na kuiacha, hata ikiwa na rangi ya kutisha. Ovari zilizokuwa za bluu au nyeusi mezani huonekana baadaye zikitoa mayai kama kawaida. Rangi peke yake haitoshi kuihukumu.

Mama wa watatu:

Daktari, Mungu akubariki kwa kutukumbusha. Nina swali la mtu wa kawaida. Katika mimba zangu zote niliumwa tumbo kwa chini wiki za mwanzo, na kila mara niliambiwa ni kawaida, na kweli ikawa kawaida. Sasa mama aliye nyumbani usiku, asiye na mashine wala elimu ya udaktari, atajuaje kwamba maumivu haya si yale?

Mleta uzi:

Swali lako, mama, ndilo lililonifanya niandike. Maumivu ya kawaida ya wiki za mwanzo hufanana na yale ya siku za hedhi: yako katikati au pande zote mbili, ni ya kuvuta, hupungua ukipumzika, wala hayakukatizi kazi. Maumivu ya kuogopa hukaa upande mmoja, huanza kwa ghafla kiasi kwamba mama anaweza kueleza alikuwa anafanya nini yalipomshika, humfanya ajikunje, au hurudi kila baada ya muda yakiwa makali kuliko mwanzo. Ukiongeza hapo kizunguzungu au kuzimia, kutapika kulikoanza pamoja na maumivu, tumbo kuwa gumu na kuuma likiguswa, au maumivu ya ncha ya bega bila kuumia bega, basi usisubiri kuche. Maumivu ya bega huwashangaza wengi. Damu iliyovujia tumboni huikera kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, na neva ya kiwambo hicho hutokea shingoni, kwa hiyo ubongo huyasikia maumivu yale kana kwamba yako begani.

Nieleze pia kwamba kutotokwa na damu ukeni si dalili ya usalama katika matatizo haya, kwa sababu damu ya ovari huingia tumboni na haina njia ya kutokea nje. Nimewasikia akina mama wengi wakisema walisubiri kwa kuwa "hakukuwa na damu".

Mkunga wa zamu ya usiku:

Naomba kuchangia kwa niliyoyaona. Tulimpokea binti wa miaka ishirini na kidogo, mimba ya wiki 6, maumivu yalimwanza muda mfupi baada ya tendo la ndoa. Aliingia akitembea mwenyewe. Shinikizo la damu lilikuwa zuri, na kipimo cha wingi wa damu kilikuwa kizuri. Kilichonisumbua ni mapigo ya moyo, ambayo yalikuwa juu na yaliendelea kupanda kila nilipoyahesabu, na midomo iliyokuwa ikipoteza rangi. Nilimwamsha daktari, na alipofunguliwa tumbo lilikuwa limejaa damu kutoka kwenye ovari. Tangu hapo siwezi kulala juu ya namba moja nzuri. Naomba daktari atueleze kwa nini vipimo vilitudanganya.

Mleta uzi:

Dada yangu mkunga, ulimwokoa binti yule kwa kuhesabu mapigo zaidi ya mara moja. Mwili wa kijana hujitetea kwa nguvu: mishipa ya damu hubana, moyo huongeza mwendo, na shinikizo hubaki zuri hadi damu nyingi iwe imekwisha kupotea, kisha huporomoka kwa ghafla. Kipimo cha wingi wa damu nacho hupima ukolezi wa damu iliyobaki, na damu iliyobaki ina ukolezi ule ule wa mwanzo hadi maji ya mwilini yatakapoingia kwenye mishipa kuiyeyusha, jambo linalochukua saa kadhaa. Kwa hiyo kipimo cha kwanza kinafaa zaidi kwa kulinganishwa na cha pili.

Tatizo lenyewe lilikuwa kupasuka kwa korpasi luteamu. Tezi hii ina mishipa mingi kupita kiasi kwa ukubwa wake, na baada ya tendo la ndoa, mazoezi makali au kugongwa tumboni inaweza kupasuka na kuvuja. Mara nyingi damu huwa kidogo na hukoma yenyewe, kwa hiyo mgonjwa aliye imara hulazwa, huangaliwa kwa karibu na kurudiwa vipimo bila kupasuliwa. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au aliyezaliwa na tatizo la damu kutoganda, yuko katika hatari kubwa zaidi na hapaswi kurudishwa nyumbani kirahisi. Upasuaji ukihitajika, lengo ni kuzuia damu kwa mshono au kwa kuchoma sehemu inayovuja tu, na kuiacha tezi iendelee na kazi yake kadiri inavyowezekana.

Mwanafunzi wa udaktari:

Mwalimu, nimesoma kwamba mimba inaweza kujipandikiza ndani ya ovari yenyewe. Kama korpasi luteamu nayo iko ndani ya ovari, nayo huonekana kama duara lenye mzunguko wa damu, tunavitenganishaje?

Mleta uzi:

Hapo ndipo wataalamu wazoefu nao hukwama, kwa hiyo nitakaa kidogo. Zaidi ya asilimia 90 ya mimba zinazotunga nje ya mji wa mimba huwa kwenye mirija ya uzazi. Zilizo kwenye ovari hazizidi asilimia 3. Mwaka 1878 Mjerumani Otto Spiegelberg aliweka masharti manne ya kuitambua: mrija wa upande huo uwe mzima na umetengana na ovari, kifuko cha mimba kiwe mahali pa ovari, kiwe kimeungana na mji wa mimba kwa kano ya ovari, na ukuta wake uwe na chembe za ovari zinapotazamwa kwa hadubini. Ukiyatazama utaona kwamba ni masharti ya mtu ambaye tayari amekwisha kufungua tumbo, na sharti la mwisho hutimizwa maabara tu. Sisi tunataka kujua kabla ya hapo.

Kwa ultrasaundi ya njia ya uke, mimba ya kwenye ovari kwa kawaida huonekana kama pete nene yenye ukuta unaong'aa kuliko nyama ya ovari inayoizunguka, wakati ukuta wa korpasi luteamu huwa na mng'ao hafifu. Mzunguko wa damu wa duara hauamui chochote, kwa kuwa vyote viwili vinao. Kuna mbinu ya mkono ambayo naithamini sana: ukiisukuma ovari taratibu kwa kifaa huku mkono wa pili ukibonyeza tumbo, mimba iliyo kwenye mrija huteleza ikaachana na ovari, ilhali kilicho ndani ya ovari huenda pamoja nayo. Mbinu hii inaitenga mimba ya mrija, lakini haiwezi kuitenga korpasi luteamu na mimba ya ovari, kwani zote mbili huenda na ovari. Ukiona kifuko cha kiini, kile kinachokilisha kiinitete kichanga, au mapigo ya moyo ndani ya pete, shaka imekwisha. Usipoviona, na mji wa mimba ni mtupu, mgonjwa akiwa imara unarudia kipimo cha homoni ya mimba, hCG, baada ya saa 48, unarudia picha, na unamweleza kwa uwazi kwamba bado hujajua.

Matibabu mara nyingi ni upasuaji wa matundu madogo, ambapo kipande chenye mimba hukatwa na ovari iliyobaki hushonwa. Dawa ya methotreksati imetumika kwa baadhi ya wagonjwa walio imara, lakini kwa mimba ya ovari uthibitisho kabla ya upasuaji ni mgumu, na dawa hiyo huiua mimba yoyote inayokua. Nasisitiza: isitolewe kwa kubahatisha mahali ambapo bado kuna uwezekano wa mimba hai ndani ya mji wa mimba. Korpasi luteamu iliyodhaniwa kuwa mimba ya nje imewahi kuwagharimu watu watoto waliowataka. Na mama mwenye kundi la damu la Rhesus hasi aliyefanyiwa upasuaji wa mimba ya nje asisahauliwe sindano ya anti-D ndani ya saa 72.

Usisahau pia kwamba mimba mbili zinaweza kutunga pamoja, moja ndani na nyingine nje. Kwa mimba za kawaida kadirio la zamani ni mara 1 katika 30,000, lakini kwa waliosaidiwa kupata mimba hutokea mara nyingi zaidi kuliko hapo. Kwao, kuiona mimba ndani hakufungi mjadala.

Msomaji mpya:

Daktari, nilitumia sindano za kukuza mayai na baadaye nikapandikizwa kiinitete. Kipimo kimeonyesha nina mimba, na kwa siku tatu tumbo limejaa hadi nguo hazifungi, mkojo umepungua, na nikilala chali napumua kwa shida. Ndugu zangu wanasema ni furaha ya mimba pacha.

Mleta uzi:

Dada yangu, tafadhali acha kusoma na uende leo hii kwenye kituo kilichokupandikiza au hospitali yoyote yenye huduma ya dharura, uwaeleze maneno haya haya uliyoyaandika. Kupungua kwa mkojo pamoja na pumzi kubana ni dalili za ovari zilizochochewa kupita kiasi katika hali nzito. Nitaendelea kuwaelezea wengine, lakini wewe nenda.

Kinachotokea ni kwamba ovari zilizochochewa, zikipata homoni ya hCG, hutoa kemikali zinazofanya mishipa midogo ivujishe maji. Maji hutoka kwenye damu na kujaa tumboni, na hata kifuani. Mama huonekana amevimba maji huku mishipa yake imekauka, damu imekuwa nzito, na figo hazipati damu ya kutosha. Aina inayokuja mapema, ndani ya siku 9 hivi baada ya sindano ya kupevusha mayai, hutokana na sindano ile. Inayochelewa, kuanzia siku ya 10 na kuendelea, husababishwa na mimba yenyewe kwa kuwa nayo hutengeneza hCG, na kwa sababu hCG ya mimba hupanda kila siku, hali hii huweza kuwa nzito na ya muda mrefu zaidi.

Kosa la kwanza ninalolihofia ni kumpa mgonjwa huyu dawa za kukojoa kwa kuona amevimba. Maji yaliyo tumboni hayamo kwenye mishipa, na dawa hizo humkausha zaidi. Kosa la pili ni kusahau kwamba damu nzito huganda: anahitaji kinga ya sindano ya heparini, na maumivu ya shingo, mkono au mguu mmoja uliovimba, au maumivu ya kifua yachukuliwe kwa uzito wote, kwani katika hali hii damu huganda hata kwenye mishipa ya shingo na mikono. Maumivu yatulizwe kwa parasetamoli, si kwa dawa za jamii ya ibuprofeni, ambazo zingezielemea figo zilizokwisha kupungukiwa damu. Asilimia ya chembe nyekundu katika damu, yaani hematokriti, ikivuka 45 hali ni nzito, na ikivuka 55 ni ya kutishia uhai. Maji ya tumboni yakimbana pumzi hutolewa kwa sindano chini ya uongozi wa ultrasaundi, na nafuu huonekana mara moja. Ovari zenyewe haziguswi, isipokuwa zikijisokota au kuvuja damu.

Mara chache sana hali hii huja kwa mama ambaye hakutumia dawa yoyote, kwa kawaida kati ya wiki ya 8 na ya 14. Mwaka 2003 ilielezwa kwamba baadhi ya wanawake hawa wana mabadiliko ya kurithi katika kipokezi cha FSH, homoni inayokuza mayai, kwenye ovari, kinachoipokea hCG kwa makosa. Wengine wana upungufu mkubwa wa homoni ya tezi ya shingo, au mimba zabibu, yaani mimba isiyo ya kawaida ambayo kondo lake huota vifuko vya maji kama kichala cha zabibu. Kwa hiyo usimwambie mama "haiwezekani, hukutumia dawa" kabla hujaangalia hayo.

Mama wa watatu:

Mdogo wangu aliambiwa ana uvimbe kwenye ovari zote mbili katika mimba ya wiki 11, na daktari wa kwanza akataja saratani. Tumekaa na hofu hiyo wiki nzima.

Mleta uzi:

Pole sana, mama. Saratani ya ovari katika ujauzito ipo, lakini ni sehemu ndogo sana ya uvimbe wote unaoonekana. Ovari zote mbili zikijaa vifuko vingi vya maji kwa pamoja, mara nyingi zimeitikia wingi wa hCG, kwa mfano katika mimba ya pacha au mimba zabibu, nazo hurudi katika hali yake mimba inapomalizika. Ipo pia luteoma, uvimbe mgumu ulioelezwa na Sternberg mwaka 1963, ambao kwa baadhi ya akina mama huleta sauti nzito na nywele usoni, kisha hunywea baada ya kujifungua. Na uvimbe wa endometriosisi, yaani ugonjwa wa utando kama ule wa ndani ya mji wa mimba kuota mahali pengine, uliokuwepo kabla ya mimba unaweza kubadilika kwa nguvu ya projesteroni ukaota vinundu vyenye damu ndani yake, ukafanana na saratani kwa kila hali. Kuna wanawake waliotolewa ovari zote mbili kwa sababu ya vitu hivi ambavyo vingeondoka vyenyewe.

Kipimo cha damu cha CA-125, kinachotumika kuchunguza saratani ya ovari, hakisaidii sana hapa, kwa kuwa hupanda chenyewe katika miezi mitatu ya kwanza. Waombeni picha irudiwe na mtaalamu wa ultrasaundi ya magonjwa ya wanawake, na ikibidi MRI, yaani picha ya sumaku, bila gadolinamu, dawa inayodungwa ili picha ionekane vizuri zaidi. Uvimbe wenye sehemu ngumu, kuta nene au unaokua kutoka picha moja hadi nyingine unastahili timu ya wataalamu wa saratani, na upasuaji usio wa dharura hupangwa baada ya wiki ya 14 hadi 16, wakati kondo limekwisha kuchukua kazi ya projesteroni.

Baba mtarajiwa:

Shikamoo daktari. Mke wangu ana mimba ya wiki 8, wamesema ovari imejisokota na lazima apasuliwe usiku huu. Anakataa kusaini kwa kuhofia mtoto. Nimwambie nini?

Mleta uzi:

Marahaba, ndugu yangu. Mwambie kwamba hofu yake ni ya haki, na kwamba kuchelewa ndiko kunakoihatarisha ovari, na ovari hiyo huenda ndiyo inayoitunza mimba. Upasuaji wa matundu madogo unaweza kufanywa katika kipindi chochote cha ujauzito, nusukaputi inayotumika leo haijathibitishwa kuwaletea watoto ulemavu wa kuzaliwa nao, na wajawazito walio wengi huendelea na mimba zao baada yake. Hatari ya mimba kuharibika ipo, wala sitakuficha, lakini sehemu yake inatokana na ugonjwa wenyewe.

Muulizeni mpasuaji mambo mawili kabla ya kusaini: kama anakusudia kuisokotoa ovari na kuiacha, na kama atatoa projesteroni iwapo korpasi luteamu italazimika kuondolewa au kuguswa, kwa kuwa bado hamjafika wiki ya 10. Daktari mzuri hatakasirishwa na maswali hayo. Baadaye mkapime tena ultrasaundi, na maumivu yale yale yakirudi mrudi mara moja, kwa maana ovari iliyojisokota mara moja inaweza kujisokota tena.

Baba mtarajiwa:

Amesaini. Wamemwingiza sasa hivi. Daktari amesema ataiacha ovari.

Mkunga wa zamu ya usiku:

Tunamwombea. Daktari, swali la mwisho kutoka kwetu tulio mbali na chumba cha upasuaji. Kazi yetu kubwa ni kuandika barua ya rufaa. Tuandike nini ili anayempokea asirudie kosa ulilolieleza mwanzoni?

Mleta uzi:

Andikeni saa maumivu yalipoanza na alikuwa akifanya nini, upande gani, na kama kutapika kulianza pamoja nayo. Andikeni mapigo ya moyo na shinikizo la damu kila mlipopima, pamoja na saa, ili anayesoma aone mwelekeo. Andikeni kundi la damu, umri wa mimba kwa wiki, na kama alitumia dawa za kuchochea mayai au za kuzuia damu kuganda. Ikiwa mna ultrasaundi, msiishie kwenye mapigo ya moyo wa kiinitete: andikeni ukubwa wa kila ovari, korpasi luteamu iko upande gani, na kama kuna maji nyuma ya mji wa mimba. Ovari iliyovimba sana hupanda juu ikatoka mahali ambapo kifaa cha ukeni kinafika, hivyo mkiikosa kwa njia hiyo itafuteni kupitia tumboni. Na mkishindwa kuiona kabisa, andikeni hivyo hivyo, "ovari ya kulia haikuonekana", wala msiandike kwamba ni ya kawaida.

Baba mtarajiwa:

Ametoka. Ovari wameisokotoa na imeanza kurudisha rangi. Wameniambia picha ya mtoto ni kesho asubuhi.